Kabla hujanunua seva ya mtumba angalia kwanza hii poti: iDRAC, iLO na IPMI

Mambo vipi wakuu, karibuni. Leo mezani nina seva tatu za mtumba, hii ni Dell R730, hii HP DL380 Gen9, na ile ya pembeni ina mazabodi ya Supermicro. Najua mtu akisikia seva anauliza ina kori ngapi, ramu ngapi, diski ngapi, leo hayo siyagusi kabisa. Leo tunaigeuza seva tuangalie mgongoni. Nasogeza kamera, hapa, mnaona hii poti ya mtandao imekaa kivyake mbali na zile nne nyingine? Kwenye Dell inaitwa iDRAC, HP wameandika iLO, Supermicro wao wanasema tu IPMI. Ni poti ya kuisimamia seva ukiwa mbali, hata ikiwa imezimwa, na hii ndo poti ya kuiuliza kabla hujatoa hela.

Nina sababu ya kusema hivyo. Kuna kipindi nilikuwa naangalia seva ya mteja iko Morogoro, mimi niko Dar. Umeme ukakatika usiku, ukarudi, seva haikurudi. Naigonga kwa ping kuona kama iko mtandaoni, haijibu, kuingia kwa mbali kwa SSH hakuna, nampigia mlinzi ananiambia kaka taa zinawaka na feni zinalia kabisa. Asubuhi nikapanda basi, kilomita karibu 190, nafika nachomeka kioo na kibodi nakuta imeandika ubonyeze F1 kuendelea. Nikabonyeza F1. Ikawaka, kila kitu kizima. Safari yote ile kwenda na kurudi, watu wa ofisi nzima wamekaa nusu siku bila mfumo, kwa ajili ya kibonyezo kimoja. Na poti kama hii ilikuwepo pale nyuma, imejaa vumbi, hakuna aliyewahi kuchomeka waya tangu seva ifungwe. Iliniuma sana aisee.

Sasa inafanyaje kazi. Ndani ya seva kuna kakompyuta kengine kadogo, kanaitwa BMC, kana chipu yake, kana kumbukumbu yake, kana anwani yake ya mtandao, na kanakula ule umeme unaobaki kwenye mazabodi hata seva ikiwa imezimwa. Ngoja niwaonyeshe. Hii R730 nachomeka waya wa umeme tu, sijagusa kitufe cha kuwashia, feni zimelia kidogo zimetulia, tusubiri kama dakika mbili hivi... haya, sasa hivi naipiga ping kutoka kwenye laptopu na inajibu. Seva imezimwa, lakini inajibu. Kwa hiyo Linux yako ikiganda, diski ikifa, ukikosea faili la mtandao ukajifungia nje mwenyewe, haka kenyewe bado kako macho kanaona kila kitu.

Hapa ndo watu wanachanganya na programu za kusimamia Linux kwenye brauza kama Cockpit au Webmin. Cockpit naipenda sana, unaingia poti 9090 kwenye brauza unaona diski, huduma, logi, unaapdeti humo humo, kwa kazi za kila siku inatosha sana. Lakini inaishi ndani ya Linux, Linux ikizama na yenyewe imezama.

Haya tuingie kwenye iDRAC 8. Ukinunua ya mtumba mara nyingi inakuja na jina root na paswedi calvin, anwani 192.168.0.120, dunia nzima inajua hiyo paswedi kwa hiyo ibadilishe kabla hujafanya kitu kingine chochote. Ukurasa wa kwanza huu, kuna alama za kijani kwa betri, feni, pawa saplai, joto. Angalieni hapa kwenye joto, inaitwa Inlet Temp, ni hewa inayoingia kwa mbele, hapa inasoma nyuzi 27, onyo lake liko 42 na hatari ni 47. Mimi kwa mazingira yetu hii namba naipa uzito kuliko joto la prosesa, kwa sababu AC ya chumba ikizima saa nane usiku hii ndo inapanda ya kwanza, unaweka ikutumie email ikifika hata 35, unapata muda wa kumwamsha mtu akafungue mlango kabla mambo hayajaharibika.

Tukija kwenye logi, hii nayo msiiruke mnaponunua. Imeandika pawa saplai namba 2 ilipoteza umeme, hiyo sawa niliichomoa mimi, lakini shukeni chini, mnaona DIMM A3 imerekodi makosa ya kumbukumbu yaliyosahihishwa, mara moja, mara mbili, mara tano? Hiyo ramu inaanza kuchoka. Muuzaji hakuniambia na huenda na yeye hakujua, lakini logi imeandika na tarehe. Nimeomba ramu nyingine nimepewa.

Sasa konsoli yenyewe. Nabonyeza Launch, inafunguka dirisha na hicho ndo kioo cha seva kama vile umechomeka kebo, ukiwasha unaona hatua zote, unaingia BIOS, yaani mipangilio ya seva kabla Linux haijawaka, na F1 yangu ya Morogoro ningeibonyeza nikiwa nimelala kitandani. Ila mambo mawili. La kwanza, hii inataka leseni ya Enterprise, ukiwa na Express unapata kuwasha na kuzima na kuona sensa lakini konsoli hupati. La pili, apdeti programu dhibiti yake, matoleo ya zamani konsoli yao inataka Java na hiyo Java ukikutana nayo leo kwenye laptopu mpya utahangaika siku nzima, hii ya sasa inatumia HTML5 inafunguka kwenye brauza yoyote.

Kuna na kuinstoli kwa mbali, unachukua faili la ISO, yaani diski ya kuinstolia ikiwa kama faili, lililoko kwenye laptopu yako seva inaliona kama DVD. Inafanya kazi vizuri mkiwa mtandao mmoja. Lakini ukiwa nyumbani na laini inapandisha Mbps 5, ISO ya GB 4 ni karibu saa 2 hapo hamna kukatika, na kukikatika katikati unaanza upya. Kwa hiyo mimi ISO naziweka kwenye kompyuta nyingine iliyoko kule kule kwa mteja, nazishea kwenye mtandao wa pale kwa NFS, halafu naiambia iDRAC ivute kutoka pale, mimi huku natuma vibonyezo tu. Hiyo peke yake imeniokolea mausiku mengi.

HP sasa. iLO 4 kwa macho ni safi zaidi, na kitu kizuri paswedi yake ya kiwandani ni tofauti kwa kila mashine, imeandikwa kwenye kikaratasi kinachovutika hapa mbele, kwa hiyo kwenye mtumba hakikisheni hicho kikaratasi kipo. Shida yake ni leseni tena, na hii inawakamata wengi, maana konsoli inafunguka vizuri tu, unaona seva inawaka, unafurahi, halafu hatua za kuwaka zikiisha Linux inaanza kupanda konsoli inakata inadai leseni ya Advanced. Mtu anajaribu dukani dakika moja anasema inafanya kazi, akifika kwake ndo anajua. Ukiwa huna leseni kuna njia, unaingia iLO kwa SSH unaandika vsp, unapata konsoli ya maandishi bure, ila Linux yako uwe umeiweka mapema iongee kwenye poti ya serial, ukisubiri mpaka siku ya tatizo umechelewa.

Supermicro kwa sura ni ya kizamani, menyu zimepangwa vibaya, sitaitetea. Lakini konsoli ni bure. Kamili, haikati, haidai kitu. Leseni wanataka kwa mambo kama kuapdeti BIOS kupitia ukurasa huo. Kwa mtu anayeanza na bajeti ndogo hii kwangu inashinda. Ila kuna mtego mmoja ni mbaya, poti yake ya IPMI kwa kawaida iko kwenye failover, yaani ikiwaka ikakuta hakuna waya kwenye poti yake inahamia kwenye LAN1, poti ya kwanza ya mtandao wa kawaida wa seva. Kama LAN1 yako ndo imechomekwa moja kwa moja kwenye intaneti, basi ukurasa wa kuzima seva yako uko hadharani na hujui, na kwenye bodi za zamani jina ni ADMIN na paswedi ni ADMIN. Ingia uiweke Dedicated, yaani ibaki kwenye poti yake tu.

Na hapo kwenye usalama naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili nalichukulia kwa uzito. IPMI si jina la poti ya Supermicro tu, ni itifaki ya kusimamia seva kwa mbali inayotumiwa na kampuni nyingi. IPMI 2.0 ni ya mwaka 2004, na mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha kwamba kwa jinsi itifaki yenyewe ilivyoandikwa, mtu akijua jina la mtumiaji tu, BMC inampa hashi ya paswedi, yaani paswedi iliyofumbwa, kabla hajathibitishwa, anaenda kuivunja kwake taratibu. Hiyo si ya kampuni moja, ni itifaki, hakuna apdeti ya kuiondoa. Kwa hiyo zimeni IPMI over LAN, ile ya poti 623, mtumie ukurasa wa HTTPS au Redfish, hiyo nawaeleza sasa hivi. Na hii Gen9 hapa, iLO 4 chini ya toleo 2.53 ina tundu la mwaka 2017 ambalo mtu anatuma herufi A 29 mfululizo kwenye kichwa cha ombi la HTTP anaingia bila paswedi. Herufi A 29 tu wakuu! Nimeangalia hii ilikuja na 2.40, nimeiapdeti kwanza ndo nikachomeka mtandao. Usiiweke poti hii kwenye intaneti hata siku moja, iwe na VLAN yake, yaani mtandao wake uliotengwa, na uingie kwa VPN, njia ya siri ya kupita intaneti, mimi natumia VPN ya WireGuard kwenye ruta ndogo tu.

Redfish nayo nawagusia kidogo, ilitoka 2015, ni API ya kawaida ya JSON, yaani njia ya programu kuiuliza seva maswali, ukigonga curl kuanzia /redfish/v1 ukafuata viungo vyake unapata joto, umeme, hali ya feni. Ukiwa na seva kumi huwezi kufungua kurasa kumi kila asubuhi, unaipeleka kwenye programu za ufuatiliaji kama Zabbix au Prometheus zinakuchorea. Na wale wenye kompyuta za kawaida zisizo na BMC, kuna kifaa kinaitwa PiKVM, kinachukua HDMI na USB kinakupa konsoli hivyo hivyo, ila hicho kinataka video yake.

Jambo jingine kwa wenye umeme wa kukatika, kwenye BIOS tafuteni sehemu ya umeme ukirudi, wekeni Last na mweke na kuchelewa kidogo ili seva zote zisiwake pamoja zikaangusha UPS, na ule ujumbe wa F1 kwenye seva nyingi unaweza kuuzima humo humo.

Kama bei zinakaribiana, mimi nachukua R730 yenye Enterprise, bila Enterprise nachukua Supermicro, na Gen9 naichukua tu kama leseni ya Advanced imo tayari. Kwa hiyo ukimpigia muuzaji usiridhike na picha ya mbele, mwambie achomeke waya kwenye ile poti, aingie, akupigie picha ukurasa wa leseni na ukurasa wa logi, halafu ndo muongee bei.