Tahadhari kwa wafiwa: matapeli wanaojitolea kumaliza mirathi

Ninaandika kuzitahadharisha familia zilizofiwa, hasa za Dar es Salaam na Pwani, kuhusu mtu mmoja na wenzake wanaozunguka misibani na kwenye viunga vya mahakama wakijitambulisha kuwa ni mawakili au watu wa mahakamani, na kuuza huduma wanayodai itamaliza mirathi yote kwa mkupuo mmoja. Simtaji jina kwa kuwa shauri lake limekwisha kufikishwa polisi, na kwa kuwa majina na namba za simu anazotumia hubadilika kila mara. Mbinu zake hazibadiliki, na hizo ndizo zinazofaa kujulikana.

Huja baada ya arobaini, wageni wakiwa wameondoka na familia imeanza kuulizana nani atafuatilia mafao, akaunti ya benki na hati ya nyumba. Humwendea mjane, akazungumza naye kwa upole na kumtajia watu wa mtaani aliokwisha kuwasaidia, kisha akamweleza kwamba kwa malipo ya awali pamoja na asilimia 10 ya thamani ya mali atashughulikia kila kitu, kuanzia cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo hadi barua ya usimamizi na kuhamisha jina katika hati. Katika familia ya marehemu mjomba wangu alipokea malipo ya awali kwa simu, bila risiti, kisha akaomba vitu ambavyo ndivyo hasa alivyovifuata: hati halisi ya nyumba, nakala za vitambulisho vya NIDA vya warithi wote, na karatasi tupu zilizosainiwa na wanafamilia, kwa maelezo kwamba muhtasari ungechapwa baadaye ofisini kwake ili usiwe na makosa.

Fedha aliyolipwa ilikuwa hasara ndogo. Kubwa ni zile karatasi tupu. Juu ya saini hizo aliandika kwamba ukoo ulikutana na kumpendekeza kuwa msimamizi wa mirathi mtu aliyetajwa kuwa mdogo wa marehemu, ambaye shangazi yangu mjane hakuwahi kumwona maishani mwake. Maombi yakapelekwa katika mahakama ya mwanzo iliyo mbali na mtaa alioishi mjomba, tangazo likabandikwa huko ambako hakuna jirani wala ndugu ambaye angelisoma, na kwa hiyo pingamizi halikutokea. Familia ilitambua jambo hilo siku mnunuzi alipofika kupima kiwanja huku watoto wakiwa ndani ya nyumba.

Kila mfiwa anapaswa kujua kwamba msimamizi wa mirathi si mmiliki wa mali ya marehemu, hata kama ameshika barua yenye muhuri wa mahakama. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia warithi kilichobaki, na kazi hiyo ina hesabu. Kanuni za mwaka 1971 za usimamizi wa mirathi katika mahakama za mwanzo zinamtaka awasilishe mahakamani, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa au muda zaidi atakaoruhusiwa, orodha kamili ya mali na madeni katika Fomu Namba 5, na baadaye hesabu katika Fomu Namba 6. Kwa mirathi inayofunguliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha huwasilishwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Msimamizi anayekimbilia kuuza nyumba huku warithi hawajaona hata orodha ya mali anapaswa kutiliwa shaka papo hapo.

Mahakama ya mwanzo husikiliza mirathi inayofuata sheria za mila au za Kiislamu, na ni ile ambayo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake alipofariki. Kwa hiyo mtu anayewaambia kwamba atafungua shauri wilaya nyingine kwa sababu huko mambo huenda haraka amekwisha kujifichua. Ada za mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na kutolewa risiti, wala haziingii katika simu ya mtu binafsi. Wakili wa kweli jina lake huonekana katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, naye hatachukia kuombwa namba yake ya uwakili. Hati halisi ibaki mikononi mwa familia. Ikihitajika ofisini, aipeleke msimamizi mliyemchagua wenyewe.

Mtu huyohuyo huwauzia wazee wosia uliokwisha kuchapwa, na wasaidizi wake ndio husaini kama mashahidi. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 katika Tangazo la Serikali Namba 436 zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo, na wasiopungua 4 kwa asiyejua. Kwa Muislamu, wosia hauzidi theluthi ya mali isipokuwa warithi wameridhia. Karatasi zake hazizingatii lolote kati ya hayo, ilhali RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, wanatoa huduma ya kuandika na kuhifadhi wosia.

Familia iliyokwisha kusaini isikae kimya kwa aibu. Nendeni katika mahakama ya mwanzo ya eneo alikofungulia mtu huyo shauri, yaani ile iliyotajwa katika barua anayoionyesha, mkaombe kuliona jalada la mirathi, na mkikuta taarifa za uongo mfungue maombi ya kutengua uteuzi wa msimamizi, kwa kuwa kanuni zinaruhusu uteuzi kufutwa pale ulipopatikana kwa uongo au pale msimamizi anapotenda kinyume na masharti ya uteuzi wake au maslahi ya warithi. Siku hiyohiyo pelekeni maombi ya zuio kwa Msajili wa Hati, ili nyumba isihamishwe jina wakati shauri likiendelea. Kwa shangazi yangu, zuio ndilo lililomkwamisha mnunuzi. Wasiomudu wakili wawaone wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao ni bure. Aliyefuta ujumbe wa malipo aombe taarifa ya miamala kwa kampuni yake ya simu kabla ya kwenda polisi.