Nimejaza kodi yangu mwenyewe kwenye kituo cha bure cha VITA, na nimekuta saluni nisiyokuwa nayo

Nimetoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaeleza ilikokwenda.

Tangu nianze kufanya kazi hapa Marekani nilikuwa napeleka W-2 yangu, ile karatasi ya mshahara wa mwaka anayokupa mwajiri, kwa jamaa mmoja mwenye kijiofisi kinachofunguliwa Januari na kufungwa msimu wa kodi ukiisha. Unampa karatasi, anagongagonga kompyuta dakika ishirini, anakwambia "dada, mwaka huu utapata vizuri", na baada ya wiki chache hela inaingia benki akiwa ameshakata chake. Mara ya mwisho alikata dola 430. Alichoandika sikuwahi kuuliza. Hela ikishaingia, nani anauliza?

Mwenzangu kazini (tunatunza wazee) ndiye aliyeniambia habari za VITA. Ni mpango wa IRS, idara ya kodi ya Marekani, ulioanza 1969: watu wa kujitolea, waliofaulu mitihani ya IRS, wanawajazia kodi bure wenye kipato cha chini. Msimu wa 2025 kikomo kilikuwa karibu dola 67,000 kwa mwaka, na mimi huko sifiki hata kwa ndoto. Nikapiga simu. Nafasi za kujaziwa zilikuwa zimekwisha hadi mwishoni mwa Machi, lakini wakasema ipo meza nyingine ambako unajaza mwenyewe kwenye kompyuta na wao wanakaa karibu kukuelekeza. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na haraka ya hela. Kujifunza hakukuwa akilini mwangu kabisa.

Mzee mmoja mstaafu alikuwa anatusimamia watu watano. Alianza na sharti moja: hashiki kipanya cha mtu. Nilidhani anatania. Nusu saa baadaye nilikwama, nikamsogezea kompyuta kwa adabu zote kama unavyomsogezea mgeni sahani, naye akairudisha mbele yangu. "Nisomee kilichoandikwa," akasema. Nikasoma. Swali lilikuwa: nani alilipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba? Pango nalipa mimi, umeme mimi, na wanangu wawili wamelala kwangu mwaka mzima. Sina mume. Kumbe hapo ndipo mtu anapopata haki ya kujiandika mkuu wa kaya badala ya mtu mmoja asiyeolewa, na kwa kodi ya 2024 makato ya kawaida yanapanda kutoka dola 14,600 hadi 21,900. Yaani dola 21,900 za kwanza za mapato yangu haziguswi na kodi ya mapato. Kwa jamaa yangu nilikuwa naona tu kisanduku kimetiwa alama.

Kiti cha pembeni alikaa mama mmoja Mkongo, akitaka kumwandika mama yake aliyeko Bukavu, anayemtumia hela kila mwezi bila kukosa. Mzee akamwonyesha kanuni: mtegemezi lazima awe raia wa Marekani, au awe mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama akanigeukia: "Dada, kwa hiyo Meksiko wanaijua, Bukavu hapana?" Nilikosa jibu, na hadi leo sina. Sisi wengi tunaotuma nyumbani tunajua uchungu wake, ila ndivyo sheria ilivyo, na afadhali kuambiwa mezani kuliko kwa barua ya IRS.

Kilichonichelewesha zaidi ni kazi yangu ya pili. Jioni napeleka vyakula kwa gari, na kampuni iliniletea 1099-NEC, karatasi ya malipo ya mtu asiyeajiriwa, ya dola 5,100. Nilijua hizo zote ni mapato yangu. Kumbe unapofanya kazi ya namna hii, kwa macho ya IRS wewe ni mwenye biashara, na biashara ina gharama. Kwa 2024 kila maili uliyoendesha kikazi inahesabiwa senti 67. Bahati nzuri nilikuwa naandika maili, tarehe kwa tarehe, nyuma ya daftari la hesabu la mwanangu mkubwa, huku mbele kuna jedwali la saba. Nilijumlisha palepale: maili 4,200. Zidisha, unapata dola 2,814. Faida iliyobaki ni 2,286, na hiyo ndiyo inayotozwa ile kodi ya waliojiajiri ya asilimia 15.3, ambayo inaanza faida ikifika dola 400. Ilinitoka kama dola 323. Bila lile daftari ningelipa zaidi ya mara mbili. Mzee alilifungua, akalitazama ukurasa kwa ukurasa, akacheka kidogo na kusema lina thamani kuliko gari lenyewe. Gari langu analijua, alikuwa ameliona nje.

Mwisho kabisa programu ikanitaka nisaini kielektroniki, na ili ithibitishe kuwa ni mimi ikaomba namba moja kutoka fomu ya mwaka uliopita: mapato yaliyorekebishwa, mstari wa 11 wa fomu 1040. Nakala nilikuwa nayo kwenye bahasha, sijawahi kuifungua. Mstari wa 11 uliandikwa dola 16,590.

Mwaka 2023 nilikaa miezi saba bila kazi. W-2 yangu ilikuwa ya dola 11,200, na sikuwa na kingine. Nikafunua kurasa, na mbele yangu ikatokea fomu ya biashara yenye jina langu: ususi wa nywele, faida dola 5,800. Mimi hata nywele za binti yangu nampeleka kwa jirani.

Nilimuuliza mzee kwa nini mtu aniongezee mapato, si ndiyo nitalipa kodi zaidi? Akanichorea kilima kwenye karatasi. EITC, ile nafuu ya wenye kipato cha kazi iliyoanza 1975, haiko kama misaada mingine ambayo kipato kikipungua ndivyo unavyopewa zaidi. Inapanda pamoja na kipato chako, inafika juu na kutulia, kisha inashuka. Kwa mwenye watoto wawili mwaka 2023 kileleni palikuwa dola 6,604, na unafika pale kipato cha kazi kikigusa 16,510. Kwa mshahara wangu halisi nilistahili kama 4,480. Saluni ya uongo ilinifikisha kileleni hasa, ikapita kwa dola themanini tu. Jamaa alijua anachokipima. Na pale anapotakiwa kusaini mtu aliyelipwa kujaza, pamoja na PTIN, namba ya wanaolipwa kujazia watu kodi, kama sheria inavyomtaka, palikuwa patupu, kana kwamba nimejaza mwenyewe.

Nilitetemeka, sitaficha. Aliyetia sahihi ni mimi, kwa hiyo deni ni langu hata kama uongo ni wake. Na anayedai EITC kwa kutojali kanuni anaweza kufungiwa miaka miwili, kwa udanganyifu miaka kumi. Lakini mtu anaruhusiwa kurekebisha mwenyewe kwa fomu 1040-X, na ipo fomu nyingine, 14157, ya kumshtaki aliyekujazia. Zote mbili nimeshatuma. Nikijumlisha na nafuu ya watoto iliyovimbishwa kwa saluni hiyohiyo, kisha nikitoa kodi ya waliojiajiri iliyotozwa kwenye faida ile ya uongo, narudisha zaidi kidogo ya dola 2,000 na riba, kwa mafungu. Inauma, hasa ukikumbuka kwamba 430 zilikuwa zake.

Sasa ile nyota ya tano. Programu ilikuwa kwa Kiingereza na Kihispania tu, na Kiingereza cha kodi si kile cha kazini. Yule mama Mkongo nilimtafsiria mimi nusu ya maswali, na wala sikuwa na uhakika na nusu ya nilichotafsiri. Marekebisho ya mwaka uliopita hayafanyiki kwenye meza ile, nikapangiwa siku nyingine ya kuonana na wanaojazia watu, wiki mbili mbele, nikakosa zamu. Na hakuna aliyeniambia kwenye simu kwamba nije na namba ya utambulisho ya kodi ya mlezi wa mtoto. Fomu ya kudai gharama za malezi inaitaka, kwa hiyo nilisimama koridoni kumpigia mlezi akiwa katikati ya kulaza watoto wa watu.

Nilikaa saa tatu na dakika arobaini kwenye kiti kigumu. Nilituma mapema Februari, na kwa sababu ya EITC sheria hairuhusu hela kutoka kabla ya katikati ya Februari, hata uwahi vipi. Anayekuahidi hela ya haraka kuliko hapo anakukopesha, na huenda akakutoza. Yangu iliingia mwisho wa mwezi, haijaguswa na mtu.

Kazini sasa wananiomba niwajazie. Nimekataa, ila nimesema nitakaa pembeni. Jumamosi anakuja dada mmoja wa zamu ya usiku na W-2 zake tatu. Nimemwambia aje na kompyuta ya mwanawe, na fomu ya mwaka jana, bahasha ikiwa imeshafunguliwa.