Blender na glTF: modeli hufika na vipimo vyake

Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia Blender, programu ya kuchora modeli za 3D, pamoja na sehemu yake ya kutoa faili za glTF (umbizo la kuhamishia modeli hizo kwenye programu nyingine), kuandaa majengo ya uwanja wa ndege kwa ajili ya programu ya kuigiza urubani, na katika suala la vipimo halisi imeniridhisha kuliko zana nyingine nilizojaribu. Kwa mipangilio ya awali, kizio kimoja cha Blender ni mita 1, na glTF 2.0 nayo huhesabu umbali wote kwa mita, hivyo hakuna haja ya kuzidisha chochote njiani.

Shida huanza unapopokea modeli iliyochorwa kwa futi. Banda langu la kwanza la ndege lilitokea likiwa refu zaidi ya mara tatu, na mlango wake ungeweza kumeza ndege kubwa ya abiria, kwa sababu sikuzidisha vipimo kwa 0.3048, yaani urefu wa futi moja kwa mita; kosa lilikuwa langu, si la programu. Siku hizi huweka kando ya kila jengo boriti ya mita 11, ambayo ni takribani upana wa mabawa ya ndege ndogo ya Cessna 172, na kasoro huonekana mara moja.

Ukishabadilisha ukubwa, usisahau kubonyeza Ctrl+A na kuchagua kipengele cha skeli (Scale) ili thamani yake irudi 1. Bila hivyo, milango na sehemu nyingine zinazosogea zinaweza kukusumbua baadaye.