Uzoefu wangu: siku nne katika wodi ya watoto

Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne alilazwa mwezi wa Julai katika hospitali moja ya hapa Nairobi kwa sababu ya nimonia. Kwa kuwa sikuwa nimewahi kulala hospitalini isipokuwa nilipojifungua, ninaandika mambo ambayo ningefurahi kuambiwa usiku ule nilipotoka nyumbani na leso mbili na flaski tupu.

Daktari hakuanza na dawa wala picha ya kifua. Alimvua mtoto fulana, akatazama saa yake na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima: zilikuwa 58, ilhali kwa mtoto aliyetimiza mwaka, 40 tayari ni nyingi. Alinionyesha pia jinsi kifua kilivyobonyea chini ya mbavu kila mtoto alipovuta hewa, na kifaa cha kupima oksijeni ya damu kilichobanwa kidoleni kiliposoma asilimia 87, alipachikwa mpira wa oksijeni puani papo hapo.

Saa ngumu kuliko zote ni ya kutafuta mshipa. Muuguzi alichoma mara tatu kabla ya kuupata nyuma ya mkono wa kushoto, kisha akaulaza mkono huo juu ya kipande cha kadibodi alichokata kwenye boksi la glavu na kuuzungushia plasta ili mtoto asiukunje. Nilikuwa nimeombwa nisubiri nje, nikaomba kwa upole nibaki, nikakubaliwa. Anayeweza kutazama sindano bila kizunguzungu naye aombe, kwa maana mtoto analia vilevile, lakini anamlilia mtu anayemwona.

Usingizi usiutegemee. Penisilini ilidungwa kila baada ya saa sita, hivyo taa ziliwashwa saa sita usiku na tena saa kumi na mbili asubuhi, nami nilikuwa juu ya kiti cha plastiki, kwani mzazi mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kulala. Mama wa kitanda cha jirani alinishikia mtoto kila nilipokwenda kuoga, na hadi leo ninamjua kwa jina la mwanawe tu.

Matibabu siyalaumu. Ninacholaumu ni mazungumzo: kila asubuhi madaktari walizunguka vitanda wakijadiliana kwa Kiingereza cha haraka, wakaondoka kabla sijafumbua kinywa. Kuanzia siku ya pili niliandika maswali nyuma ya kitabu cha kliniki na kumshika daktari wa mwisho kwenye msafara, na huyo alinijibu yote bila haraka.

Siku ya kuruhusiwa tuliambiwa saa nne asubuhi, tukatoka saa kumi na moja jioni. Sehemu ya kosa ilikuwa yangu: nilijisajili SHA, bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, lakini sikumwongeza mtoto, na baba yake alilazimika kurudi mtaani Umoja kuchukua cheti cha kuzaliwa.

Tulipewa tembe za amoksisilini za kuyeyusha katika kijiko cha maji, asubuhi na jioni. Kabla ya kunikabidhi karatasi ya kuondokea, sista alinipa saa yake, akaniambia nimfunue mtoto kifua nihesabu mwenyewe. Nilipata 34.