Nimenunua na kuuza bunduki kwa mnada Marekani, haya ndo niliyokutana nayo

Kampuni yenyewe sitaitaja jina, maana kuna sehemu walinikosea na tulishamalizana. Wanafanya minada ya silaha hapa Marekani, unaangalia loti (yaani kila kitu kinachouzwa) mtandaoni, unaweka dau, na kila loti ina saa yake ya kufunga. Mwaka huu nimenunua kwao bunduki moja na nimewauzia moja, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za meza. Kwa muuzaji nawapa nyota 4 kati ya 5. Kwa mnunuzi ni 3, na hiyo ya 3 wameipata kwa shida.

Nianze na kununua maana ndo kwenye stori. Nilikuwa naitafuta Lee-Enfield No. 4 muda mrefu, ile ya risasi za .303 waliyobeba wanajeshi wa Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili, na nilitaka hasa zile zilizotengenezwa hukuhuku Marekani na kampuni ya Savage kwa ajili ya Waingereza, ambazo ubavuni kushoto zimepigwa muhuri wa U.S. PROPERTY na namba yake ya utambulisho ina herufi C ya Chicopee Falls kilikokuwa kiwanda. Ikatokea. Maelezo yanasema mbao nzuri, mtutu safi, namba zilizopigwa kwenye vipande vyake zote zinafanana. Picha 6. Nikaziangalia mpaka macho yakauma, muhuri unaonekana vizuri, kitako hakina ufa, nikaona hapa hapa.

Mfumo wao wa dau ni mzuri kusema kweli. Unaandika kiwango cha juu kabisa unachoweza kutoa halafu wenyewe unakupandishia kidogo kidogo kadri wenzako wanavyopanda, na wao hawakioni kiwango chako. Halafu mtu hawezi kukurukia sekunde ya mwisho, kwa sababu dau likiingia dakika za mwisho muda unaongezeka, loti haifungi mpaka watu wote wanyamaze. Hili nalipenda sana, bei inakuwa ni ya ushindani wa kweli sio ya nani ana intaneti ya kasi. Nikaipata kwa dola 600.

Sasa hapa ndo watu wengi wanaumia, na ningeomba mtu anayeanza asome taratibu. Ile 600 sio bei. Kampuni inaongeza asilimia 20 juu yake kwa mnunuzi, hiyo ni 120, usafiri wakanichaji 50, na dila (muuza silaha mwenye leseni) wa kwangu aliyenipokelea akachukua 35, jumla 805 na hapo sijagusa kodi. Asilimia hiyo ipo kwenye masharti yao, hawajaificha, lakini wakati unapandisha dau skrini inakuonyesha dau tu, na moto ukishakolea nani anakumbuka hesabu? Mi siku hizi naanza na hela yote niliyonayo mfukoni, natoa usafiri na ya dila, inayobaki nagawanya kwa 1.2, hapo ndo napata dau langu la mwisho na siongezi hata dola.

Kuhusu sheria, watu wananiuliza sana kama ukishinda mnada bunduki inaletwa mlangoni tu kama viatu. Hapana. Ukinunua kutoka jimbo lingine inatumwa kwa dila mwenye leseni ya serikali kuu, unaenda mwenyewe na kitambulisho, unajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua silaha, wanakupitisha kwenye ule ukaguzi wa rekodi wa FBI unaotumika tangu 1998, ukikataliwa basi bunduki hupewi hata kama umeshalipa yote. Na ukimnunulia mtu mwingine ukaandika kwenye fomu kwamba ni yako, hilo ni kosa la jinai, usije ukamfanyia rafiki hisani ya namna hiyo. Kuna njia nyingine kwa wanaopenda silaha za zamani, leseni ya mkusanyaji, dola 30 kwa miaka 3, ukiwa nayo silaha iliyofikisha miaka 50 na ikiwa bado katika hali yake ya asili inaweza kuja moja kwa moja kwako, ila angalia kwanza sheria za jimbo lako maana mengine yana masharti ya ziada. Mi sikuwa nayo wakati ule, nimeshaomba.

Haya, bunduki imefika kwa dila. Nikaifungua pale kaunta, nikatoa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, nikamulika tochi ndani ya mtutu kutokea nyuma. Mifereji ya ndani inayozungusha risasi iko wazi, inang'aa, hamna vishimo vya kutu, hapo hawakudanganya. Nikageuza bolti niangalie mkono wake kwa nyuma, pale namba inapopigwa. Namba nyingine kabisa! Mwanzo wake tu haufanani na wa ile ya kwenye mwili wa bunduki.

Kwa asiyeijua hii bunduki ataona nalalamikia urembo. Kwenye No. 4 bolti ililinganishwa na bunduki yake kiwandani, na kichwa cha bolti kilitengenezwa kwa saizi, kimeandikwa 0, 1, 2 au 3, ili ile nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi ikiwa ndani ya chemba isizidi kipimo. Ikizidi, ganda la risasi linaweza kupasuka karibu na uso wako. Kwa hiyo bolti ya kuokoteza ni suala la usalama kwanza, thamani ya mkusanyaji inafuata, na zote mbili nililipia kwa kuamini sentensi moja ya maelezo yao.

Nikawaandikia siku hiyohiyo na picha mbili. Jibu la kwanza: vitu vyote vinauzwa kama vilivyo. Nikawajibu kwamba kama vilivyo inahusu mikwaruzo na uchakavu ambao ningeweza kuuona, ila nyie mmeandika kwa mkono wenu kwamba namba zote zinafanana, na kwenye zile picha 6 hakuna hata moja ya mkono wa bolti. Wakakaa kimya siku 4. Baadaye akanipigia mama mmoja wa hapo ofisini, mstaarabu sana, akakiri aliyeandika aliangalia mwili na magazini (kasha la risasi) tu. Walinirudishia 120 yao yote, ilichukua wiki mbili. Nilikubali kwa sababu fundi bunduki alishaipima na geji zake akaniambia iko ndani ya kipimo.

Upande wa kuuza ilikuwa raha zaidi. Nilikuwa na Winchester Model 12, shotgani ya kupampu, na mara ya kwanza niliweka bei ya chini ambayo sishuki, nikaiweka juu. Watu wakaangalia, hawakusogea, ikarudi na nikalipishwa ada ya kutouzwa. Mara ya pili nikaondoa kizuizi, nikaanzia chini kabisa, na moyo ulikuwa unadunda siku nne nzima maana dau lilikaa pabaya. Jioni ya mwisho wakatokea wawili wanaoitaka kweli, wakapandishana mpaka ikapita ile bei niliyoing'ang'ania mwanzo. Wakakata asilimia 15 yao, hela ikaingia siku niliyoambiwa. Picha zao pia ni nzuri kuliko zangu, na mambo ya kuisafirisha kwa dila wa mnunuzi waliyabeba wenyewe.

Kwa hiyo nitawauzia tena bila kusita. Kununua nitanunua, ila sasa naandika ujumbe kabla ya dau: nitumie picha ya namba ya bolti, ya mwili, na ya ndani ya mtutu ukimulika kutokea nyuma. Wiki iliyopita nimewaomba kwa loti nyingine, yule mama kanitumia picha 5 ndani ya saa moja, na namba ya bolti ilikuwa inasomeka vizuri kabisa. Loti inafunga Jumamosi.