Kwiki shifta kwenye pikipiki ya spoti ya cc 600: kufunga ni kazi ndogo, shughuli iko kwenye seting

Kwiki shifta, kile kifaa cha kupandisha gia bila klachi, nimeitumia vya kutosha sasa naweza kuiongelea. Chombo changu ni pikipiki ya spoti ya cc 600, silinda nne, injeksheni, na kilitoka kiwandani bila hii kitu. Niliyofunga ni ile ya sensa inayokaa kwenye rodi ya gia (inayounganisha pedali na gia boksi) na kiboksi kidogo kinachoingia katikati ya waya za koili (zinazotoa cheche ya plagi), seting zote unafanya kwa simu.

Kwa asiyeijua, iko hivi. Ukiwa umevuta mafuta, meno ya gia kule ndani yanabanwa na nguvu ya injini ndo maana gia haitoki kirahisi bila klachi. Kwiki shifta inahisi mguu unaposukuma pedali, inakata cheche kidogo tu, milisekunde 50 hadi 80 hivi, meno yanalegea, gia inapanda, cheche inarudi, na wewe mkono haujarudisha mafuta wala klachi hujaigusa. Sasa wapo wanaoiponda kumbe wanapandisha gia huku wamefunga mafuta, hapo meno yamebanwa kwa upande mwingine kabisa, hata ukate cheche hakuna kinacholegea.

Kabla hujanunua angalia rodi yako inafanyaje ukipandisha gia, inasukuma au inavuta. Sukuma pedali kwa mkono upande wa kupandisha gia huku umeshika rodi utaona tu. Sensa nyingine zinahisi upande mmoja peke yake, na ukigeuza mpangilio wa gia uwe wa mashindano (moja juu, zingine chini) na upande wa nguvu unageuka.

Kufunga sasa. Toa nega ya betri, nyanyua tangi, toa boksi la eya klina, koili hizo hapo. Soketi za waya zinaingia zenyewe hakuna kukata wala kuchuna waya, ila mikono minene itateseka maana nafasi ni finyu. Rodi ndo inataka utulivu: pima urefu wake kabla hujafungua, bolti hadi bolti, maana sensa inaongeza urefu na rodi ya zamani inabidi ikatwe au uweke fupi. Ncha moja ina nyuzi za kinyume, kwahiyo usiilazimishe, inafunguka kwa kuzungusha upande usiouzoea. Ukimaliza chezesha pedali juu chini uone sensa haigusi fremu na waya wake haujavutika, afu upitishe mbali na ekzosi.

Hapo wengi wanawasha wanaenda barabarani na seting za kiwandani. Kwangu zile seting zilikuwa mbovu, gia ya pili ikiingia pikipiki inainama mbele kama imeshikwa breki. Nikaanza na usikivu wa sensa. Kwenye simu kuna mstari unapanda ukisukuma pedali, basi vaa buti unalopandia, egesha mguu kawaida, angalia mstari unafika wapi, afu weka kikomo juu ya hapo. Ukiiacha sikivu sana kila shimo injini inakata kidogo, inatisha kweli hasa umelala kwenye kona. Ukiifanya nzito utakuwa unapiga pedali teke.

Kisha muda wa kukata, na huu weka kila gia na wake. Moja kwenda mbili inataka mrefu zaidi sababu inapita nyutro, mimi niko milisekunde 75, halafu 65, 60, na za juu zote 55. Ukifupisha sana gia inakuwa ngumu au inaangukia katikati injini inalia bure, ukirefusha unapata ule mtikiso. Punguza kidogo kidogo mpaka gia ianze kukataa, afu rudisha juu hatua moja. Na cheni yako cheki kwanza, ikiwa imelegea utahangaika na namba wakati tatizo halipo kwenye namba.

Raundi za chini nimeizima kabisa, chini ya 4000 haifanyi kazi. Kwenye foleni ni klachi kama zamani, na sioni aibu, maana ukitambaa gia ya kwanza hata seting iwe nzuri vipi inagonga tu. Utamu wake ni juu huko, umelala kwenye tangi mafuta yote yamefunguka, tatu, nne, tano zinaingia mfululizo na sauti inakatika katika bila pikipiki kutikisika. Hapo roho inafurahi bana.

Malalamiko yapo. Karatasi ya maelekezo ni picha ndogondogo hazieleweki. Na kwa kuwa inakata cheche siyo mafuta, mafuta mabichi yanaenda kulipukia kwenye ekzosi, paap! Wengine wanaupenda huo mlio, mi nina kataliti bado (kile kisafisha moshi ndani ya ekzosi), na mafuta mabichi yanaiua, kwahiyo ndo sababu nyingine sirefushi muda bila sababu.

Kushusha gia hii haifanyi. Hiyo inataka injini ijipandishe raundi yenyewe, yani kwa kawaida pikipiki iwe na akseli ya umeme, yenye kebo ni shida. Na nati za rodi zirudie na spana baada ya safari ya kwanza, yangu moja nilikuta imeanza kulegea.