cibuildwheel: kujenga kwenye Linux ya zamani ili kifurushi kiende kwenye mpya

Anayeandika maktaba ya Python yenye sehemu ya lugha ya C hukutana na usumbufu huu mapema: Ubuntu 22.04 huja na Python 3.10, Ubuntu 24.04 na 3.12, Debian 12 na 3.11, AlmaLinux 9 na 3.9, na kwa kawaida kila toleo hudai faili lake la .whl, yaani kifurushi kilichokwisha kujengwa. Nilikuwa nikijenga vifurushi vyangu kwenye kompyuta yenye Ubuntu 22.04, nikaletewa malalamiko na watumiaji wa Ubuntu 20.04 kwamba haviwaki, ingawa walikuwa wameweka Python ileile. Kifurushi kilidai glibc (maktaba ya msingi ya C kwenye Linux) mpya kuliko waliyokuwa nayo.

Kilichojengwa kwa glibc ya zamani huenda kwenye mpya, wala si kinyume chake. Kwa sababu hiyo cibuildwheel, zana ya kujenga vifurushi vya Python, hujengea ndani ya kontena la manylinux (mazingira yaliyotengwa yenye Linux ya zamani, ili kifurushi kiende kwenye Linux nyingi), na lile la manylinux_2_28 limesimama juu ya AlmaLinux 8, likiwa na matoleo ya Python yote yanayohitajika. Zana hii huyapitia moja baada ya jingine, hujenga, huiachia zana nyingine, auditwheel, inakili maktaba za nje ndani ya kifurushi, kisha, ukiiagiza, hukiweka kifurushi katika mazingira mapya na kuendesha majaribio. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwani ilinionyesha faili ambalo sikuwa nimelitia katika kifurushi, na ambalo kwenye folda yangu ya kazi lilikuwapo siku zote.

Hata hivyo, majaribio hayo hufanyika katika kontena lilelile la ujenzi, hivyo bado ninavijaribu vifurushi kwenye Debian na Ubuntu kabla ya kuvitoa. Kujengea ARM kwa kuigiza kichakataji kupitia QEMU huchukua muda mrefu mno. Mwenye mashine halisi ya ARM aitumie. Docker au Podman, programu za kuendesha makontena, ni lazima iwepo, na asiyehitaji Alpine (Linux isiyotumia glibc) aziruke musllinux, yaani vifurushi vyake, katika faili la mipangilio la pyproject.toml ili kupunguza muda.

Maktaba iliyoandikwa kwa Python tupu haihitaji haya yote, maana faili moja huitosha. Na ambaye msimbo wake wa C unaweza kubaki ndani ya abi3 (sehemu ya Python kwa C isiyobadilika kutoka toleo hadi toleo) afanye hivyo: cibuildwheel hujenga mara moja, kisha hukijaribu kifurushi kilekile kwenye matoleo ya Python yanayofuata.